Fizi: Fundi bila diploma anaweza kufundisha shule ya ufundi?

Huko Lweba, wilayani Fizi, wavuvi wa Ziwa Tanganyika hutegemea mitumbwi ya mbao. Fundi anayeijenga mara nyingi amejifunza kazi kwa mzee wake, si darasani. Je, anaweza kuwafundisha wanafunzi wa shule ya ufundi?

Kwa kanuni za Kongo, mwenye diploma ya Serikali, D6, hufundisha shule ya msingi. Sekondari, kwa mfumo wa zamani wa masomo ya juu, kwa kawaida ilidai G3 kwa madarasa ya chini, yaani miaka 3 ya masomo ya juu, na L2, miaka 5, kwa madarasa ya juu. Asiye na karatasi hizo hupata kwa shida namba ya matrikule na mshahara wa Serikali. Anabaki kutegemea pesa za wazazi, maana elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 ililenga kwanza shule za msingi.

Kanuni ina sababu: kujua randa si kujua kufundisha. Lakini mwenye L2 asiyewahi kushika randa atafundisha useremala ubaoni tu. Watoto wa Fizi wanahitaji wote wawili: fundi apimwe kwa kazi ya mikono yake, kisha afunzwe ualimu.