Sura ya Saba: Nyota Isiyo na Jina

Msafiri atokaye Bunda akishika njia ya magharibi, huku Ghuba ya Speke ikimfuata upande wa kushoto, hufika mwisho wa nchi kavu huko Kisorya, ambako hana budi kukaa kitako na kungoja kivuko cha kumvusha kwenda Rugezi, kisiwani Ukerewe. Ni mahali pa subira; na subira hiyo ndiyo iliyonijalia kuketi na mama mmoja wa makamo, mwenye sanduku dogo la bati mapajani, ambaye alipojua kwamba kazi yangu ni kufukua madaftari ya watu waliokwisha kufa alilifungua na kunitolea kitu kilichoviringwa katika kipande cha kaniki. Ilikuwa nyota ya rangi ya shaba, yenye ncha sita, na katikati yake taji na herufi za mfalme zimezungukwa na jina la Burma. Utepe wake ulikuwa wa buluu iliyoiva, una mstari mwekundu mpana katikati na michirizi miwili myembamba ya rangi ya machungwa, nayo michirizi hiyo ilikwisha kupauka hata ikawa kama chai ya maziwa. Niliigeuza nyota ile. Mgongo wake ulikuwa mtupu.

Watu wengi hudhani kwamba mwenye nishani ana ushahidi, na asiye nayo hana. Lakini Uingereza, ilipotoa nyota na nishani za Vita Kuu ya Pili, haikuwachorea askari wake majina, kinyume cha ilivyofanya baada ya vita vya 1914 hadi 1918, ambapo namba, jina na kikosi vilitiwa juu ya chuma chenyewe. Kwa sababu hiyo nyota iliyomo katika sanduku la Kisorya haitofautiani hata chembe na nyota ya namna hiyo iliyomo katika duka la mwuza vikale London, na mtu akiipoteza, au akiiuza siku ya njaa, hajapoteza haki yake. Wala mwingine akiinunua hajainunua haki hiyo. Heshima imo katika orodha. Shaba ni kivuli chake tu, na atakaye kusahihisha kumbukumbu za askari mstaafu, aliye hai au marehemu, hana budi kuanza kwa kuliweka jambo hilo moyoni, la sivyo atatumia miaka kuwaeleza makarani ushujaa wa babu yake, nao makarani hawakuuliza habari za ushujaa.

Hapa yafaa tutenge vitu viwili ambavyo katika mazungumzo ya barazani huchanganywa. Kuna nishani ya ushujaa, ambayo askari hupata kwa sababu mkubwa wake aliona tendo, akaliandika, akalipeleka juu, na huko juu likakubaliwa. Na kuna nishani ya vita, ambayo askari huistahiki kwa kuwa alikuwa mahali fulani katika siku fulani, awe alifyatua risasi elfu au alipika uji. Ile ya kwanza ni hiari ya wakubwa, na ikikosa kuandikwa kwa wakati wake ni nadra mno kuipata, maana Waingereza wana desturi ya kutosikiliza maombi mapya juu ya matendo yaliyopita zaidi ya miaka mitano. Hata iliyoandikwa huweza kukawia: Sajini Nigel Leakey wa batalioni ya 1/6 ya Keya, yaani King's African Rifles, alikufa akipambana na vifaru huko Colito, Uhabeshi, tarehe 19 Mei 1941, na nishani yake ya Victoria haikutangazwa mpaka tarehe 15 Novemba 1945, vita vimekwisha na nyasi zimeota juu ya uwanja ule. Na huyo alikuwa Mzungu, mwana wa ukoo mashuhuri. Seuze mpagazi wa risasi aliyekuwa nyuma yake.

Nishani ya vita ni jambo jingine. Hiyo haiombwi kama fadhili; hudaiwa kama mshahara uliosahauliwa, na mlango wake haufungwi kwa kupita miaka, kwa kuwa haki ilikwisha kukamilika siku ile askari alipotimiza masharti. Masharti yenyewe ni hesabu kavu. Nyota ya Afrika ilimpasa aliyetia mguu Uhabeshi au nchi za Wasomali, hata kwa siku moja, kati ya tarehe 10 Juni 1940 na tarehe 27 Novemba 1941, wakati Gondar ilipoanguka. Nyota ya 1939 hadi 1945 ilidai miezi sita katika uwanja wa vita, na muda huo ulipunguzwa kwa aliyeuawa au kujeruhiwa akaondolewa. Nyota ya Burma ilikuwa ya aliyetumika Burma, au Bama kama walivyopenda kuiita wazee wetu, kati ya Desemba 1941 na Septemba 1945. Na hapa pana kichekesho cha makarani: askari aliyekwenda Bukini, yaani Madagaska, mwaka 1942 kupambana na Wafaransa wa serikali ya Vichy hakupata Nyota ya Afrika kwa safari hiyo, ingawa mtoto yeyote wa shule atakwambia kwamba Bukini ni kisiwa cha Afrika; siku zake zilihesabiwa katika ile nyota nyingine.

Mama yule aliniambia kwamba babu yake alipigana Uhabeshi, kisha Bukini, kisha Bama, na kwamba cheti chake cha kuachishwa kazi, ambacho mchwa walikwisha kukila ubavu mmoja, kilitaja nyota ile moja peke yake. Nilimwuliza babu aliandikwa lini. Akanionyesha: mwaka ulisomeka dhahiri, nao ulikuwa 1942.

“Basi, mama,” nikasema, “Nyota ya Afrika hapati. Alipoingia jeshini vita vya Uhabeshi vilikwisha.”

“Mwalimu, unasema babu alikuwa mwongo?”

La hasha, nikamjibu. Askari wa Afrika Mashariki waliendelea kuwekwa kaskazini kulinda nchi muda mrefu baada ya Waitaliani kusalimu amri, na yamkini babu aliiona Uhabeshi kwa macho yake, akala chakula chake, akajifunza maneno mawili matatu ya lugha yake. Ila hakuiona katika siku zile zilizoandikwa katika kanuni. Hakufurahi, nami sikumlaumu. Lakini msahihishaji anayeongeza tu bila ya kupunguza si msahihishaji, na barua inayodai nyota nne ambapo haki ni mbili huwatia makarani shaka hata juu ya zile mbili. Kwa upande wa pili, kama babu alikuwa Bukini mwaka 1942 na katika bonde la Kabaw mwaka 1944, pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoteremka bonde lile katika mvua za masika ya Kihindi mpaka Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin, mwezi Desemba, basi miezi sita yake ilitimia na kupita, na Nyota ya 1939 hadi 1945 ni yake, pamoja na Nishani ya Vita yenye simba aliyesimama juu ya joka. Cheti kilizisahau zote mbili.

Kwa nini kilisahau? Sababu ya kwanza ni ya wakati. Askari wa Tanganyika, ambao idadi yao katika vita vile ilikuwa yapata 87,000, wengi wao walivuliwa sare na kurudishwa makwao kabla nishani hazijaanza kutolewa, na karani aliyejaza cheti aliandika yale aliyokuwa nayo mezani siku hiyo. Mambo hayo hayakuwapata Waafrika peke yao. Huko Uingereza kwenyewe askari wa nchi kavu walitakiwa waombe nishani zao wenyewe kwa maandishi, na maelfu hawakuomba, wakafa, na wajukuu wao wanaomba leo.

Sababu ya pili ni jina, na katika nchi yetu hii ndiyo iliyozamisha majahazi mengi zaidi. Mwite mtu Maregesi au umwite Malegesi, watu wa Mwibara watakuelewa na mtu mwenyewe ataitika. Lakini katika orodha iliyopangwa kwa herufi hao ni watu wawili, na baina yao pana kurasa tele. Karani wa 1942 aliandika alichosikia, na sikio lake lilizaliwa mbali na Majita. Aliongeza “bin” kati ya jina na jina, akalitupa jina la ukoo, na pengine akamwandika mtu kwa jina la mtemi wake au la kijiji. Miaka kumi baadaye mtu yule akabatizwa au akasilimu, akapata jina jipya, na kaburi lake likaandikwa jina hilo jipya ambalo jeshi halikupata kulisikia. Ofisi moja ambayo familia ya mama yule iliiomba msaada iliwajibu kwa sentensi mbili kwamba mtu wa jina hilo hayumo, na jibu hilo, ijapokuwa liliwavunja moyo, halikuwa uongo: jina lile hasa halikuwamo.

Mahali napo pamehama bila ya kusogea. Kisorya ya askari wa 1942 ilikuwa katika Jimbo la Ziwa, ambalo makao yake yalikuwa Mwanza, na wilaya yake ilihesabiwa Musoma. Mjukuu wake leo huandika Wilaya ya Bunda, Mkoa wa Mara, na karani wa Ulaya, mbele yake jina la Musoma, huona watu wa nchi mbili tofauti. Kwa hiyo mwandishi wa barua aandike mahali pale kwa majina yake yote, la zamani na la sasa, na aeleze kwa mstari mmoja kwamba ni ardhi ile ile. Juu ya yote aitafute namba ya jeshi. Jina hupotoshwa, wilaya hugawanywa, umri hukisiwa kwa mwaka wa nzige. Namba haina lafudhi. Wazee wengi waliokwisha kusahau majina ya makamanda wao walikuwa bado wakiitaja namba yao kwa sauti ya paredi, na mjukuu aliyeiandika mahali amehifadhi urithi mkubwa kuliko ile shaba.

Na kama jalada lenyewe limetoweka? Msiba huo umezipata nchi tajiri pia. Mabomu ya Wajerumani yaliteketeza, huko London mwezi Septemba 1940, zaidi ya nusu ya majalada ya askari wa Uingereza wa vita vya kwanza. Na huko St. Louis, Marekani, moto wa tarehe 12 Julai 1973 uliunguza majalada yapata milioni 16 hadi 18. Wamarekani, ambao tangu 1946 wana mabaraza yaliyowekwa na sheria kwa ajili ya kusahihisha kumbukumbu za kijeshi, walijifunza kumjenga askari upya kwa vipande: karatasi za mshahara, daftari la hospitali, orodha ya kikosi ya asubuhi. Waingereza waliokoka kwa bahati, kwa kuwa orodha za nishani zilikuwa zimewekwa pengine na moto haukuzifikia, na wako askari wasio na jalada ambao nishani zao zajulikana mpaka leo.

Ng'ambo ya ghuba, mjini Mwanza, pana kisa cha ithibati ambacho mwandishi Charles Miller amekisimulia. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wa zamani wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani wa Afrika Mashariki katika vita vya kwanza, waliokuwa bado hai, ikafunguliwa ofisi ya muda kando ya ziwa, wakaja wazee yapata 350. Wachache sana walikuwa na vyeti vya 1918. Wengine walileta vitambaa vya sare. Basi mtu wa benki akampa kila mzee ufagio, akamwamrisha kwa Kijerumani afanye mazoezi ya bunduki, na hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Nakipenda kisa hiki, wala sishauri kukitegemea, maana ufagio wathibitisha kwamba mtu alikuwa askari, hauthibitishi alikuwa wapi na lini. Na marehemu hashiki ufagio.

Vita vya Kagera vimeleta taabu ya namna yake. Jenerali David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, aliingia Keya mwaka 1942, akaenda Bukini, akaiongoza Divisheni ya 20 dhidi ya majeshi ya Idi Amin, akawa Mkuu wa Majeshi tangu 1980 hadi 1988. Maisha yake yote yalipita mbele ya kalamu za jeshi, na kumbukumbu zake hazina pengo. Lakini pamoja naye walivuka mto Kagera wanamgambo kwa makumi ya maelfu, waliotolewa mashambani na mitumbwini, ambao baada ya Kampala kuanguka tarehe 11 Aprili 1979 walirudi kwenye nyavu zao. Askari wa kudumu ana namba yake ya MT na jalada litakalofunguliwa Makao Makuu ya Jeshi akidai Nishani ya Kagera. Mwanamgambo aghalabu ana kumbukumbu ya brigedi, jina la kamanda wa kombania, na wenzake watatu au wanne waliobaki. Huyo asingoje. Waandike habari zao sasa, kila mmoja peke yake na si kwa kunakiliana, wakitaja walipokusanywa, gari lililowachukua, nani alijeruhiwa na wapi, kwa maana maelezo yanayofanana neno kwa neno hunuka kupangwa, ilhali yale yanayotofautiana katika madogo na kukutana katika makubwa humshawishi hata karani mchovu.

Barua yenyewe, kwa serikali yoyote iwayo, iwe fupi: ni nani, namba gani, kikosi gani, wapi na lini, nini kimeandikwa, nini kimesahauliwa, na mwombaji ni nani kwa marehemu, kwa sababu nishani ya aliyekufa hufuata mrithi wa kisheria na si mjukuu mwenye bidii kuliko wenzake. Hati ya asili haitumwi. Hutumwa nakala iliyoshuhudiwa. Tuliiandika ya mama yule juu ya kifuniko cha sanduku lake, kwa kuwa meza haikuwapo, na tulikuwa tumefika katika jina kivuko kilipopiga honi na watu wakaanza kunyanyua magunia ya dagaa. Akaiviringa nyota katika kaniki, akasimama, kisha akaniuliza kama ile herufi ya katikati aandike r au l. Nikamwambia aandike zote mbili.