Twiga Huyu, si Twiga Yeyote: Uhusika katika Sanamu za Wanyamapori

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kutofautisha mhusika bapa na mhusika duara. Bapa hubeba sifa moja na hutabirika. Duara ana nafsi yake na hutushangaza. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba tofauti iyo hiyo imo katika uchongaji wa wanyamapori, na kwamba Naivasha ni mahali pafaapo kuichunguza.

Vinyago vingi vya wanyama viuzwavyo nchini Kenya vinatokana na kazi za wachongaji wa Kikamba. Twiga wao ni twiga wa jumla: shingo ndefu, miguu myembamba, madoa ya kawaida. Ufundi ni mkubwa, lakini soko hudai wingi na kasi. Hivyo basi, mkono huchonga uliyoyazoea, nalo jicho halihitaji kwenda porini.

Sanamu duara, kinyume chake, huanza kwa kutazama. Katika Kisiwa cha Crescent, Ziwa Naivasha, mtu huweza kutembea kwa miguu karibu na twiga. Hakuna twiga wawili wenye mpangilio mmoja wa madoa, na mpangilio huo haubadiliki maishani. Hali kadhalika, punda milia hutambulishwa na milia yake, na ndovu kwa mipasuko ya masikio na umbo la pembe. Msanii humchagua mnyama mmoja, humrudia mara kwa mara, akichora jinsi anavyosimama, anavyogeuka na anavyoshtuka. Kisha hufinyanga umbo kwa udongo, ambao, tofauti na mti, humruhusu kuongeza alichokiondoa. Umbo likikamilika, hutengenezewa kalibu na kumiminiwa shaba iliyoyeyushwa.

Mfano mashuhuri ni Ahmed, ndovu wa Mlima Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta hadi alipokufa mwaka wa 1974. Sanamu yake ya faibaglasi imesimama katika ua wa Makumbusho ya Kitaifa, Nairobi. Pembe zile ndefu ni zake, si za ndovu mwingine. Ndiyo maana sanamu huitwa kwa jina lake.

Jina hili ndilo kiini cha hoja. Huko Elsamere, kando ya Ziwa Naivasha, aliishi Joy Adamson, ambaye ujanani alisomea uchongaji mjini Vienna. Kitabu chake cha mwaka wa 1960 kilimfanya Elsa, simba jike mmoja, ajulikane duniani kote. Wasomaji walioomboleza kifo cha Elsa mwaka wa 1961 hawakuwa wakiomboleza simba kwa jumla. Mnyama wa jumla hafi machoni petu, kwani mwingine huchukua nafasi yake. Kwa hiyo hakuna amliliaye. Mwenye nafsi akitoweka, pengo huonekana.

Wahenga walinena kuwa kinyago ukichongacho mwenyewe hakikutishi. Naam, kwa kuwa kimetoka kichwani mwako, hakina usilolijua. Sanamu ya mnyama aliyetazamwa, hata hivyo, huhifadhi kitu ambacho msanii hakukibuni: kovu, mwinamo wa shingo, sikio lililochanika. Yafaa basi nasi wanafunzi wa fasihi, tunapohakiki vinyago, tuulize swali tunaloiuliza riwaya: je, huyu ni nani?