Klipu za WhatsApp zinachekesha, ila zinakula bando na nafasi ya kazi yako

Kijana wa Ushongo, kusini mwa Mto Pangani, anatumia WhatsApp moja kwa mambo mawili: kucheka na kutafuta riziki. Muongoza watalii anayepeleka wageni kisiwa cha Maziwe, mvuvi anayetafuta mnunuzi, mpishi anayesubiri kuitwa na hoteli ya ufukweni, wote wanapokea ujumbe wa kazi palepale zinapoingia klipu za vichekesho. Bando likikata au simu ikijaa, kinachokwama ni kazi.

Hebu tuone klipu hizi zinafanyaje kazi.

Kwa nini tunazipenda?

Kwanza, zinatoka kwa mtu unayemjua. Mshkaji akikutumia video, tayari ameshakuchagulia. Hupotezi muda kutafuta.

Pili, kuna stetasi. Mtindo huu wa picha na video zinazopotea baada ya saa 24 uliingia WhatsApp Februari 2017. Unachungulia kimya kimya, na hakuna anayekudai jibu.

Grupu la familia ni habari nyingine. Hapo ni kama barazani: yupo mama mdogo, yupo mjomba, na pengine ustadhi aliyekufundisha madrasa. Klipu iliyowavunja mbavu washkaji inaweza kukuaibisha huku. Ndiyo maana kijana anayemwaga vichekesho kwa wenzake utamkuta kimya kabisa kwenye grupu la ukoo, labda atume dua ya Ijumaa tu.

Bando la mitandao lina mpaka

Bando la mitandao ya kijamii linafanya kazi kwa programu zilizotajwa tu. Klipu iliyotumwa moja kwa moja WhatsApp inatumia bando hilo. Ukibonyeza linki inayokupeleka YouTube au tovuti nyingine ambayo haimo kwenye bando lako, umeshatoka nje ya mpaka. Hapo video inagoma kufunguka, au inaanza kula MB zako za kawaida.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: klipu 20 za MB 5 kila moja ni MB 100. Simu ikizipakua zote, MB zimekwenda, hata kama ulizoangalia ni mbili tu. Na zinabaki kwenye memori mpaka uzifute.

Mishale miwili ina maana gani?

Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, ujue umepita kwenye mikono mingi: umefowadiwa mara tano au zaidi tangu ulipotoka kwa mtu wa kwanza. Tangu Aprili 2020, ujumbe wa aina hii unaweza kuufowadi kwenye chati moja tu kwa wakati mmoja. WhatsApp waliweka breki hiyo kupunguza kasi ya uvumi.

Breki hiyo haiangalii kilichomo ndani. Tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp unafungwa kwa siri kati ya anayetuma na anayepokea, kwa hiyo kampuni yenyewe haiusomi. Anayechuja ni wewe unayebonyeza.

Na hapa utani unaweza kugeuka kesi. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamgusa anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo, kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kupotosha umma. Adhabu ni faini isiyopungua Sh5 milioni, kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kwa hiyo video ya "boti imezama" iliyotengenezwa kwa mzaha si mzaha tena ikiwafikia watu wenye ndugu zao baharini.

Fanya hivi leo

1. Ingia Mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data. Zima video zisijipakue zenyewe ukiwa kwenye data ya simu. Utagusa mwenyewe ile unayoitaka.

2. Hapo hapo fungua sehemu ya kudhibiti hifadhi. Utaona mafaili yaliyofowadiwa mara nyingi na yanayozidi MB 5. Anza kufuta hayo, lakini angalia usifute risiti au picha za kazi.

3. Simu yako inachezewa na wadogo zako? Kwenye mipangilio ya chati, zima picha na video za WhatsApp zisionekane kwenye galari.

4. Kabla ya kutuma linki, mwambie mwenzako inaelekea wapi. Huenda bando lake ni la WhatsApp tu.

5. Klipu ina mishale miwili na inataja ajali, ugonjwa au jina la mtu? Iache iishie kwako mpaka uthibitishe kwa mtu aliyepo eneo la tukio.