Miji ya Jangwa la Karakum

Katika ramani ya Asia iliyotundikwa darasani kwetu, upande wa mashariki wa Bahari ya Kaspi pana eneo kubwa la rangi ya manjano lenye majina machache. Eneo hilo ni nchi ya Turkmenistan. Wenzangu wengi wakilitazama husema, "Huko hakuna kitu ila mchanga." Mimi sijafika huko, lakini kwa muda wa mihula miwili nimesoma habari zake kila nilipopata nafasi, na nimeona kwamba mchanga ule umefunika mambo makubwa. Basi nitajaribu kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu mambo ya kutazamwa katika nchi hiyo, na sababu iliyofanya miji yake mashuhuri iwe magofu. Sababu hiyo, kwa neno moja, ni maji.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Turkmenistan ilikuwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti mpaka ilipopata uhuru wake tarehe 27 Oktoba, 1991. Ukubwa wake unazidi kidogo nusu ya Tanzania. Kusini imepakana na Iran na Afghanistan, kaskazini na Uzbekistan na Kazakhstan. Kiasi cha robo tatu ya nchi ni jangwa liitwalo Karakum, maana yake Mchanga Mweusi. Wakati wa kiangazi joto hupita digrii 40, na wakati wa baridi maji huganda. Watu hukaa pembezoni tu mwa jangwa, penye mito na chemchemi. Mto mkubwa ni Amu Darya, unaopita upande wa mashariki na kaskazini. Mwingine ni Murghab, utokao milima ya Afghanistan, ukaingia jangwani, ukatawanyika na kufia mchangani. Hapo unapofia ndipo ulipojengwa mji wa Merv.

Merv, ambao Waarabu waliuita Maru, si mji mmoja bali ni miji kadhaa iliyopakana. Mahali pengi watu hujenga juu ya magofu ya wazee wao, lakini watu wa Merv walihamia kando na kujenga upya, hata leo mgeni aweza kutembea kutoka zama moja mpaka nyingine kwa miguu. Boma la kale kabisa, Erk Gala, lilijengwa zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Likaja kuzungukwa na mji mkubwa zaidi wa Gyaur Gala, na baada ya Waarabu kufika, mji mwingine, Sultan Gala, ukaota upande wa magharibi. Nje ya kuta zake pamesimama ngome ya udongo iitwayo Kyz Kala, yaani Ngome ya Msichana. Kuta zake zimejengwa kama nguzo nyingi zilizosimama bega kwa bega, nazo zimestahimili upepo wa jangwa kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Katika karne ya 12 Merv ulikuwa makao ya Sultan Sanjar wa ukoo wa Seljuk, aliyefariki mwaka 1157. Kaburi lake la matofali ya kuchoma lingali limesimama katikati ya uwanda mtupu. Mwandishi Yaqut alisema kwamba kuba lake la buluu lilionekana na msafiri aliyekuwa bado mbali safari ya siku nzima. Yaqut huyo alikuwa msomi wa jiografia, na habari yake moja yatuhusu sana sisi wanafunzi. Alikaa Merv mwanzoni mwa karne ya 13, akakuta nyumba kumi za vitabu. Waangalizi wake walikuwa wakarimu mno, hata nyumbani kwake hapakukosa vitabu mia mbili vya kuazima, na vingi alipewa bila kuweka rehani yoyote. Mwenzangu, fikiri: mtu asiye mwenyeji, vitabu mia mbili, katikati ya jangwa!

Yaqut aliondoka kabla ya msiba. Mwaka 1221 jeshi la Wamongoli, likiongozwa na Tolui mwana wa Genghis Khan, liliuteka Merv na kuwaua watu wake. Waandishi wa zamani walitaja hesabu za kutisha za mamia ya maelfu. Wataalamu wa leo waona kwamba hesabu hizo zilitiwa chumvi, lakini hakuna anayekana kwamba mji ule mkubwa ulivunjwa.

Hata hivyo, upanga peke yake hauui mji wa jangwani. Watu wakibaki hata wachache, na mifereji ikiwa mizima, mji hufufuka. Merv ulijengwa tena katika karne ya 15, ukawa mji mdogo wenye ngome yake. Kilichoumaliza ni kuvunjwa kwa lile boma la kuzuia maji ya Murghab. Mwishoni mwa karne ya 18, Amiri wa Bukhara alipopigana na watu wa Merv, alilivunja boma hilo. Mashamba yakakauka, na wenyeji wengi wakachukuliwa mpaka Bukhara. Yule amiri alifahamu jambo hili: ukitaka kuuvunja mji wa jangwani, usihangaike na ukuta, vunja mfereji.

Sasa twende kaskazini, karibu na mpaka wa Uzbekistan, tuone magofu ya Kunya-Urgench, yaani Urgench ya Kale. Huu ulikuwa mji mkuu wa nchi ya Khwarezm. Nao pia ulivunjwa na Wamongoli mwaka 1221, lakini ulikuwa karibu na Amu Darya, ukainuka upesi. Hapo ndipo tunapokutana na msafiri ambaye sisi watu wa Afrika ya Mashariki twamjua. Ibn Batuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Urgench miaka michache tu baadaye. Aliusifu kuwa mji mkubwa na mzuri kuliko yote ya Waturuki. Siku moja alipoingia sokoni akiwa juu ya farasi, alisongwa na umati hata asiweze kwenda mbele wala kurudi nyuma. Tena alisifu matikiti ya huko, ambayo yalikatwa vipande, yakakaushwa juani na kupelekwa mpaka Bara Hindi na Uchina. Akaeleza pia kwamba mtu aliyekosa sala ya jamaa alichapwa na imamu mbele ya watu, na kutozwa faini ya dinari tano.

Mtawala wa mji wakati huo alikuwa Kutlug Timur, na mkewe aliitwa Turabek. Majina yao yangalipo. Mnara wa Kutlug Timur umesimama mpaka leo, urefu wake meta 60 hivi. Karibu nao ni jengo la Turabek Khanum, ambalo ndani ya kuba lake pana nakshi ya vigae vya rangi. Watu wa huko huwaeleza wageni kwamba nakshi hiyo ina sehemu 365 kwa siku za mwaka, na chini yake pana matao 24 kwa saa za siku, na 12 kwa miezi.

Mji huo haukudumu. Mwaka 1388 Timur wa Samarkand aliuvunja, na yasemekana aliamuru shayiri ipandwe mahali pake. Urgench ukajikongoja tena, lakini katika karne ya 16 Amu Darya ukabadili njia yake. Maji yakaenda kwingine, na watu wakayafuata. Yale ambayo Wamongoli na Timur hawakuyamaliza, mto uliyamaliza bila kumwaga damu.

Si mbali na mji mkuu wa leo, Ashgabat, pana magofu ya Nisa, ngome za Waparthi waliopigana na Warumi. Mwaka 1948 wachimbaji walikuta huko vikombe vikubwa vya pembe za ndovu, vimechongwa sanamu za watu na wanyama. Mwaka huo huo, usiku wa kuamkia tarehe 6 Oktoba, tetemeko la ardhi liliubomoa mji wa Ashgabat na kuua maelfu na maelfu ya watu. Kwa hiyo Ashgabat wenye majumba ya marumaru nyeupe ni mji mpya kabisa.

Mambo ya kutazama si magofu tu. Magharibi ya Ashgabat, ndani ya mlima, pana ziwa la chini ya ardhi liitwalo Kow Ata, lenye maji ya uvuguvugu yanayonuka kibiriti. Katikati ya jangwa, mahali paitwapo Darvaza, pana shimo lenye upana wa meta 70 hivi linalowaka moto wa gesi. Husemwa kwamba ardhi ilititia wakati Warusi walipokuwa wakitafuta gesi, yapata 1971. Mwaka 2022 serikali iliagiza moto huo uzimwe, na mwaka 2025 wataalamu wa nchi hiyo walitangaza kwamba umepungua sana. Anayetaka kuuona asikawie! Wenyeji nao hujivunia farasi wao wa Akhal-Teke, ambao manyoya yao hung'aa kama chuma kilichosuguliwa, na mazulia yao, ambayo nakshi zake zimetiwa katika bendera ya taifa.

Magofu ya Merv yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1999, Kunya-Urgench mwaka 2005, na Nisa mwaka 2007. Lakini kuandikwa katika orodha si kupona. Mwaka 1954 ulianza kuchimbwa Mfereji wa Karakum, uliochukua maji ya Amu Darya kuyapitisha jangwani, ukafika Ashgabat mwaka 1962. Mfereji huo umeleta pamba, ngano na maji ya kunywa. Pia umesaidia kuikausha Bahari ya Aral, ambayo ilitegemea mto huo. Na huko Merv umeleta shida ambayo wazee wa zamani hawakuijua.

Shida yenyewe ni hii. Maji ya mashambani huzama, na maji yaliyo chini ya ardhi hupanda juu. Tofali la udongo huyanyonya kama utambi unavyonyonya mafuta. Jua likiyakausha, chumvi hubaki ndani ya tofali, huganda na kulipasua. Ukuta huliwa chini, kwenye miguu yake, mpaka siku moja huanguka wenyewe. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa Turkmenistan na wenzao wa London wamefanya kazi huko kupima magofu na kuyahifadhi. Dawa zinazotumika ni za kawaida: kuondoa maji yanayotuama, kufukia tena mashimo yaliyochimbwa, na kuzikandika kuta kwa udongo uliochanganywa na majani makavu. Kazi hiyo haina mwisho, maana mvua na chumvi hurudi kila mwaka.

Sisi tulio mbali tusidhani jambo hili si letu. Kilwa Kisiwani, ambako Ibn Batuta alifika kabla ya Urgench, kuliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, kwa sababu kuta zilikuwa zikianguka na bahari ilikuwa ikila ufuko. Watu wakafanya kazi, na mwaka 2014 kukaondolewa katika orodha hiyo. Kumbe yawezekana. Ukuta wa zamani hauhitaji kusifiwa tu. Wahitaji mtu wa kuutazama kila mwaka baada ya masika, na ndoo ya udongo au ya chokaa mkononi.