Volti moja, ampea mia: Jinsi ya kuchagua kidhibiti cha umeme wa prosesa

WATU wengi wanapotaja kidhibiti cha volti hufikiria stabilaiza, lile boksi linalolinda jokofu au televisheni dhidi ya umeme unaopanda na kushuka. Lakini ndani ya kila kompyuta kimo kidhibiti kingine chenye kazi ngumu zaidi: kuipa prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, umeme wa volti ndogo mno lakini wenye mkondo mkubwa mno.

Prosesa za kwanza za Pentium, zilizotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1993, zilitumia volti 5. Leo prosesa kubwa hutumia takriban volti 1. Volti ilipunguzwa ili kupunguza joto, lakini idadi ya transista iliongezeka kwa kasi. Matokeo yake, prosesa inayotumia wati 100 kwa volti 1 huhitaji mkondo wa ampea 100.

Kwa kiwango hicho, anayebuni au kutengeneza saketi hana budi kwanza kujiuliza ni wapi umeme utapotea na kugeuka joto.

Aina mbili za vidhibiti

Aina ya kwanza ni kidhibiti linia. Hiki hupunguza volti kwa kuichoma ile ya ziada. Ni rahisi, ni cha bei nafuu, na umeme wake ni tulivu. Hata hivyo, kikitakiwa kushusha volti 12 hadi 1 kwa ampea 100, kitapoteza volti 11 kwa kila ampea, yaani wati 1,100. Hilo ni joto la pasi ya umeme, ili kuhudumia prosesa ya wati 100 tu.

Kidhibiti linia hufaa pale tu volti inayoingia inapokaribiana na inayotoka na mkondo ni mdogo. Mathalani, kutoka volti 1.5 hadi 1.2 kwa ampea 3, hasara haifiki hata wati 1.

Aina ya pili ni kidhibiti cha swichi. Hiki huukata umeme vipande vipande, mara laki kadhaa kwa sekunde, kisha koili na kapasita huvilainisha vipande hivyo viwe volti moja iliyo sawa. Kikiwa na ufanisi wa asilimia 90, kazi ile ile hupoteza wati 11 hivi.

Dayodi au transista

Hata vidhibiti vya swichi havilingani. Vile vya zamani hutumia dayodi kuupitisha mkondo wakati swichi ya juu imefungwa. Dayodi nzuri hula takriban volti 0.4. Kwenye volti 12 hasara hiyo ni ndogo, lakini kwenye volti 1 ni karibu nusu ya kinachotakiwa kutolewa. Kwa sababu hiyo, nafasi ya dayodi huchukuliwa na transista ya pili.

Aidha, volti 12 inaposhushwa hadi 1, swichi ya juu hufanya kazi kwa takriban asilimia 8 tu ya muda, na muda wote uliobaki mkondo hupita katika transista ya chini. Hivyo transista ya juu ichaguliwe kwa wepesi wa kuwaka na kuzima, na ya chini kwa udogo wa ukinzani wake.

Kugawana mzigo

Joto katika ukinzani huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo. Ampea 100 zikipita katika transista moja yenye ukinzani wa miliomu 2, hasara ni wati 20. Zikigawanywa katika njia tano za ampea 20 kila moja, kila njia hupoteza wati 0.8, na jumla ni wati 4. Ndiyo maana kuizunguka prosesa huonekana koili kadhaa zilizopangwa kwa safu.

Kanuni hiyo haiziachi nyaya wala njia za shaba. Miliomu 1 tu kwa ampea 100 hula volti 0.1, ambayo ni sehemu ya kumi ya volti yote. Kwa hiyo kidhibiti hukaa jirani kabisa na prosesa, na kinachofaa ni kile chenye njia za kupima volti pale pale inapotumika.

Hatari iliyojificha

Prosesa huweza kuamka kutoka mkondo mdogo hadi mkubwa kwa kufumba na kufumbua. Volti ikizama, kompyuta huganda au kujizima. Kapasita zenye ubora, zilizowekwa karibu, ndizo huziba pengo hilo kabla kidhibiti hakijaitikia.

Hatari kubwa zaidi ni transista ya juu kuungua na kubaki imeunganika. Hapo volti 12 huelekea moja kwa moja katika prosesa ya volti 1, na kifaa ghali huteketea kwa kosa la kijisehemu cha bei ndogo. Kinga ya volti kuzidi na kinga ya mkondo kuzidi si mapambo.

Mwisho, mnunuzi asivutiwe na ufanisi wa juu ulioandikwa kwa herufi kubwa. Mara nyingi hupatikana kwa mzigo wa wastani au kwa volti kubwa zaidi ya kutoka. Atazame jedwali la volti yake mwenyewe, kwa mkondo wake kamili, na katika joto halisi la ndani ya boksi la kompyuta.