Mchikichi: Chungu Kwanza, Mashine Baadaye

Ni nyumba ngapi katika nchi yetu ya Kongo zisizojua mawese? Twayatia katika sombe, twayapikia sabuni, twayauza sokoni ili watoto wapate karo. Lakini si wote wajuao kwamba mafuta hayohayo yaweza kuendesha mashine ya kusaga unga.

Jambo hilo si geni. Mwaka 1900, katika maonyesho makubwa ya Paris, mashine ya namna ile aliyoibuni Rudolf Diesel ilionyeshwa ikienda kwa mafuta ya karanga. Tena, tarehe 31 Agosti 1937, G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipata hati ya uvumbuzi wake wa kuyageuza mafuta ya mimea yafae injini. Mwaka uliofuata basi la abiria lilikwenda kati ya Brussels na Louvain kwa mafuta yaliyotokana na mawese. Mawese yenyewe yalitoka Kongo.

Kwa nini yageuzwe? Kwa sababu mawese ni mazito, nayo huziba njia nyembamba za injini. Sehemu 100 za mafuta huchanganywa na sehemu 10 hivi za alkoholi iitwayo methanoli, pamoja na magadi makali kidogo. Hupatikana sehemu 100 hivi za mazuti ya mimea, na sehemu 10 za gliserini. Lakini tuangalie sana: methanoli ni sumu, nayo huwaka upesi. Kazi hiyo ni ya fundi aliyefundishwa, wala haifai kufanyiwa jikoni.

Sasa tuseme habari ya mbegu, maana hapo ndipo wengi hupotewa na jasho lao. Iko michikichi ya namna tatu. Dura ina kokwa yenye gamba nene. Pisifera haina gamba, lakini kwa kawaida haikomazi matunda. Tenera ina gamba jembamba na nyama nyingi yenye mafuta. Katika kituo cha Yangambi, kando ya mto Kongo, upande wa chini wa Kisangani, wataalamu Beirnaert na Vanderweyen walieleza mwaka 1941 kwamba tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Urithi huo hufuata sheria ile aliyoigundua mtawa Mendel kwa njegere za bustani yake.

Basi, mkulima akiokota miche chini ya tenera iliyochavushwa na tenera nyingine, katika kila miche 4 atapata, kwa wastani, mmoja wa gamba nene, mmoja usiozaa vema, na miwili tu ya kufaa. Naye hatayajua hayo siku ya kupanda, bali baada ya miaka 3 au 4, matunda yatakapoonekana. Kununua mbegu iliyochaguliwa ni gharama. Kulima miaka mingi kwa mbegu mbaya ni gharama kubwa zaidi.

Miche hulelewa kitaluni karibu mwaka mmodja au kupita kidogo, kisha hupandwa kwa nafasi ya meta 9, ndiyo michikichi 143 katika hekta moja. Miaka ya kwanza, kivuli kikiwa kidogo, maharagwe na karanga zaweza kulimwa katikati, ili nyumba isikose chakula. Matunda yakivunwa, yakamuliwe upesi. Yakilala na kuoza, mafuta huchacha. Hayo yafaa sabuni kuliko mashine.

Faida ni ipi? Penye barabara mbovu mazuti hufika kwa shida na kwa bei kali. Kijiji chenye mawese ya ziada chaweza kusaga unga na kuvuta maji bila kungoja lori. Lakini mawese yakiwa na bei nzuri kwa chungu, yauzwe kwa chungu. Na huko Katanga, baridi ya Juni na Julai yaweza kuyagandisha mazuti hayo.

Tena tusisahau habari ya mbono. Baada ya mwaka 2000 makampuni ya kigeni yalichukua mashamba makubwa huko Kilwa na Kisarawe, Tanzania, yakiahidi mafuta mengi kutoka mmea huo. Mbono huota hata penye ukame, lakini penye ukame huzaa kidogo, na mbegu zake ni sumu, haziliwi. Kabla ya mwaka 2012 makampuni hayo yalikuwa yamefilisika, na wanavijiji wakabaki bila kazi na bila ardhi yao. Mbono ni ua zuri la shamba. Usiwekwe mahali pa mihogo.

Kwa hiyo anayetaka kupanda na aulize maswali mawili kwanza: mbegu hii imetoka wapi? Na bei ikianguka, nyumba yangu itakula nini? Mchikichi una jibu kwa swali la pili, kwa kuwa mawese yasiponunuliwa na mashine, chungu kitayapokea.