Gereji Imegeuka Oven? Hivi Ndivyo Unapiga Silingi Bila Kuuza Figo

Tuongee ukweli, msee. Umepata gereji ya kukodi mtaani, labda Buru, Umoja ama Donholm. Landi hana gari, na wewe una form: kinyozi, studio, duka la simu, ama tu keja ya kuanzia maisha. Rent iko fiti. Shida ni moja tu. Ukiangalia juu, unaona mabati.

Saa saba mchana unaiva kama chapo. Mvua ikinyesha, kastoma anakuongelesha na husikii kitu. Na ile baridi ya Julai ikifika, mabati yanatoa jasho usiku, asubuhi unapata matone kwa mashine. Hapo ndipo unaanza kuwaza silingi. Halafu fundi anakuja, anakuna kichwa, anakutajia bei mpaka unasikia kizunguzungu.

Tulia. Hii kitu inawezekana kwa doo kidogo, bora ufuate mpangilio.

Kabla ya yote, ongea na landi

Silingi ukishapigilia si yako tena. Ukihama, inabaki. Kwa hivyo usitoe hata mbao (ile ya ganji, si ya miti) kabla hujakubaliana naye. Mwambie akukatie kidogo kwa rent, ama akuhakikishie hataongeza kodi mwaka huu juu gereji imependeza. Na mwandike. Hata meseji ya simu inatosha, bora iko. Maneno ya mdomo hupotea siku kastoma wakianza kupiga laini mlangoni.

Juu kwanza, chini baadaye

Kosa la kwanza watu hufanya ni kuficha shida. Bati linavuja, msee anapiga bodi chini yake. Mvua mbili baadaye, dari ina ramani ya kahawia, na baada ya wiki kadhaa imebonyea. Panda juu ama tuma fundi, ziba mashimo yote ya misumari, kisha ngoja mvua moja inyeshe ndio ujue umeshinda.

Ya pili ni stima. Nyaya zikikaa juu ya dari huzioni tena, na panya wanazipenda sana. Mwite fundi wa stima apitishe nyaya ndani ya paipu kabla ya bodi kuingia. Akimaliza, piga picha. Siku moja utataka kutoboa dari na hutaki kutoboa waya.

Ya tatu, na hapa usicheze: kama nyumba ni ya zamani na paa ama dari ni ile shiti ngumu ya kijivu inayokaa kama simiti, inaweza kuwa asbesto. Usiikate, usiitoboe, usiifagie. Vumbi yake ikiingia kwa mapafu huleta saratani, na ugonjwa hutokea miaka mingi baadaye. Kuitoa ni kazi ya watu wenye vifaa, na NEMA wana masharti yake. Hiyo ni story ya landi, si yako.

Chagua bodi kulingana na kazi yako

Magunia ya nailoni ndiyo rahisi kabisa, na utaona wasee wengi wameyatundika. Lakini yanashika moto haraka na yanadondoka yakiwaka. Kama gereji ina welding, petroli, jiko ama rundo la extension, achana nayo. Sofbodi nayo ni nyepesi na inapunguza kelele ya mvua, ila inanyonya maji na pia inaungua.

Plaiwudi ina nguvu, lakini hiyo ni mbao, na mbao ni kuni. Zile za plastiki, PVC, haziogopi maji na hazitaki rangi, lakini zinayeyuka kwa moto na zinatoa moshi mbaya.

Jipsamu ndiyo wengi hurudia, na kuna sababu. Ndani ya lile jiwe jeupe kuna maji yaliyofungwa, karibu moja ya tano ya uzito wake. Moto ukija, yale maji lazima yatoke kwanza kama mvuke, na hizo dakika zinaweza kukupa nafasi ya kutoka nje. Adui yake ni maji ya kuvuja, ndio maana tulianza na bati.

Hesabu kabla ya kuingia hadwea

Chukua gereji ya futi 20 kwa 10. Hiyo ni futi 200 za mraba. Bodi moja ya 8 kwa 4 ni futi 32. Gawanya, unapata 6 na robo, kwa hivyo bodi 7. Fundi akisema 10, muulize hizo 3 zinaenda wapi.

Mbao ni za 2 kwa 2, zile mafundi huita blandaringi. Zipitishe kwa urefu wa gereji, kila baada ya futi 2: mistari 6 ya futi 20, jumla 120. Ongeza za kukatiza kila futi 4, mahali bodi zinakutana: mistari 6 ya futi 10, jumla 60. Jumla kuu 180. Nunua 200, juu kuna za kukatwa vibaya. Ukipata zilizotumika kwa mjengo, ng'oa misumari, chagua zilizonyooka, kisha zipake dawa ya mchwa. Mbao mbichi usinunue, zikikauka zinajipinda na dari inapasuka.

Usiingie mtego wa bodi nyembamba. Ya milimita 9 ni rahisi kuliko ya 12, lakini inataka mbao ziwe karibu zaidi, kama inchi 16. Ukiipigia kwa futi 2, inaanza kubonyea kama kitanda cha hosteli. Akiba yote inarudi kwa mbao.

Kuinua sasa

Bodi moja ya milimita 12 ina zaidi ya kilo 20. Usijaribu solo. Tafuta beshte, halafu tengeneza T ya mbao, ndefu kidogo kushinda dari, ya kushikilia bodi wakati mnafunga skrubu. Na mbao za paa zikiwa nyembamba ama zimeliwa na mchwa, ziimarishe kwanza. Zinaenda kubeba kilo 150 na zaidi.

Kukata ni rahisi: chora kwa kisu upande mmoja, vunja, kisha kata karatasi ya nyuma. Anza bodi ya kwanza ukutani upande huu, inayofuata ukutani upande ule, ili maungio yasikae kwa laini moja. Skrubu ziingie kila inchi 6 hadi 8, zizame kidogo bila kurarua karatasi. Maungio yapate tepu ya wavu na fila, kisha msasa, kisha rangi nyeupe. Nyeupe inarudisha mwanga, hata taa moja inatosha.

Kama umeita fundi, elewaneni bei ya kazi yote, si ya siku. Mlipe kwa hatua: mbao zikisimama, bodi zikiingia, fila ikikauka. Ganji ukitoa yote Jumatatu, Jumanne simu yake imezimwa.

Na kama doo haitoshi? Gawa kwa miezi. Mwezi huu bati na nyaya, ujao mbao, unaofuata bodi. Fila na rangi zinaweza kungoja, hakuna mtu alikufa juu ya skrubu zinazoonekana.

Usisahau pumzi

Acha matundu yenye wavu juu ya ukuta ili hewa moto kati ya bati na dari itoke. Bila hayo joto linakwama pale na kushuka polepole.

Kubwa zaidi, kumbuka gereji ya mabati ilikuwa inapumua yenyewe. Ukishaiziba, moshi hauna pa kwenda. Usiwashe jenereta, gari wala jiko la makaa ndani ukiwa umefunga. Ile gesi ya kaboni haina harufu wala rangi, na haikuamshi. Unalala tu.

Fanya hivyo, halafu ngoja mvua ya kwanza. Ukisikia sauti ya kastoma wako vizuri, jua umewini.